Kusikiliza Muziki kwa Pamoja

Watu wengi hudhani ya kuwa muziki wa klasiki ni wa wataalamu tu, na kwamba mtu mwingine akiusikia hana budi kusinzia. Sivyo. Anayesinzia hakukosa masikio, ila hakuambiwa angoje nini. Hata mpira wa miguu humchosha mtu asiyejua goli liko wapi. Basi makala haya yataeleza mambo machache ya kungojea, ili wewe na mwenzako mpate kufurahi pamoja.

Muziki wa klasiki ni ule uliotungwa kwa uangalifu mwingi, ukaandikwa au ukakaririwa, kisha kizazi kimoja kikaurithisha kingine. Kwa maana hiyo Ulaya wanao wao, nasi Rwanda tunao wetu.

Tuanze na wimbo ambao wanakwaya wengi wanaujua, yaani Haleluya wa Handel. Mtungaji huyu alizaliwa Ujerumani mwaka 1685, akaishi London. Mwaka 1741 alitunga Messiah kwa muda wa siku 24 hivi. Iliimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, na fedha zilizopatikana zikasaidia hospitali na wafungwa wa madeni. Haleluya ni sehemu moja tu ya kazi hiyo, yenye dakika nne hivi. Kwanza, sikiliza jinsi sauti zote nne zinavyoacha njia zao na kuimba tuni moja, kama vijito vilivyoingia mto mmoja. Pili, ngoja pale sauti za juu zinaposhika noti moja kwa muda mrefu, kisha zikapanda daraja, zikapanda tena, huku wengine wakiwajibu kwa chini. Tatu, karibu na mwisho wote hunyamaza ghafula. Usipige makofi! Bado imebaki Haleluya moja ya polepole.

Sasa tuje kwa Beethoven na Simfoni yake ya Tano. Gonga meza hivi: fupi, fupi, fupi, ndefu. Ni noti nne tu, lakini karibu sehemu yote ya kwanza imejengwa juu yake, kama nyumba iliyojengwa kwa tofali la namna moja. Simfoni hiyo ilisikiwa kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, na wakati huo masikio ya Beethoven yalikuwa yamekwisha kuharibika sana. Kila usikiapo pigo hilo, inua kidole. Mkiwa wawili mtaona kwamba mwenzako ameinua mahali ambapo wewe hukusikia kitu. Huo ndio utamu wa kusikiliza pamoja: masikio manne hushinda mawili.

Turudi nyumbani. Inanga ni ubao uliochongwa mfano wa sinia refu, na juu yake uzi mmoja hupitishwa huku na huku, mara nyingi mara nane. Mpigaji huimba kwa sauti ya chini, akisimulia habari za wafalme, mashujaa na ng'ombe. Hapa ngoja jambo hili: nyuzi hurudia tuni fupi, lakini kila zirudiapo huwa pana badiliko dogo. Asiyesikiliza vema hudhani ni yale yale.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi ngoma na nyimbo za nyumba ya Mwami, na hata leo twaweza kuzisikia. Lakini santuri huhifadhi sauti, haifundishi vidole. Sophie Nzayisenga, mpigaji mashuhuri wa inanga, alifundishwa tangu utoto na baba yake, Thomas Kirusu. Beethoven ana wapigaji maelfu duniani. Mzee wa kijijini akifa bila mwanafunzi, nyimbo zake huzikwa pamoja naye.

Wengine watasema, "Sisi hatuna vyombo." Wawatazame jirani zetu wa Kongo. Mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya Wakimbangu mjini Kinshasa. Fidla zilikuwa chache, zikapokezanwa mkono kwa mkono. Uzi ukikatika, waliweza kutumia waya wa breki ya baiskeli. Baadaye watu hao walipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven.

Sisi hapa Mudende tunaweza kuanza na simu moja. Chagueni kipande kifupi, kisichozidi dakika kumi. Kisikilizeni bila maneno, kisha kila mtu aseme jambo moja alilolisikia, wala asichekwe. Halafu kisikilizeni mara ya pili, maana mara ya kwanza sikio hubisha hodi tu, na mara ya pili huingia ndani. Juma hili alete mmoja kipande cha Ulaya. Juma lijalo mwingine alete cha kwao.

Na ninyi wenzetu mliokwisha kuondoka shuleni, kama kwenu yuko mzee apigaye inanga, mwombeni ruhusa mumrekodi, mwandike jina la wimbo na maana yake. Bora zaidi, kaeni chini awafundishe hata wimbo mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.