Sikukipenda Kitabu Hiki, na Hizi Ndizo Sababu

Mwanafunzi wa kidato cha nne katika kaunti ya Kajiado, awe yuko Laiser Hill au katika shule ya kutwa kando ya barabara ya Namanga, hana shida kukueleza maudhui ya riwaya teule ya Nguu za Jadi. Atakutajia ukabila, uongozi mbaya, ufisadi na nafasi ya mwanamke, kila moja na mifano yake, kisha atampanga mhusika Mangwasha kwa sifa tano au sita. Mpe dondoo, naye atakwambia nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini, apate alama zake nne. Swali litakalomkwamisha ni jepesi kuliko hayo yote: je, kitabu kilikupendeza? Hapo atakutazama akijaribu kukisia unataka jibu gani, maana swali hilo halina alama. Mimi nashikilia kwamba ndilo lililopaswa kutangulia, na kwamba kulinyamazia kumechangia kutuzalia watu wengi waliofaulu katika fasihi lakini hawasomi riwaya.

Si kwamba mtihani hauna maana. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE hugusa riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi, na mtahiniwa aliyejiandaa vyema huwa amesoma kwa umakini ambao msomaji wa kujiburudisha haufikii. Tatizo ni kile anachofunzwa kufanya na umakini huo. Riwaya teule huandamana na mwongozo, kijitabu ambacho kimekwisha kumfanyia mwanafunzi kazi ya kuona: maudhui haya hapa, wahusika hawa, mbinu hizi. Wapo wanaoingia chumba cha mtihani wakiwa wamesoma mwongozo mara tatu na riwaya nusu, na siwalaumu. Ikiwa jibu linalokubalika limeshaandikwa na mtu mwingine, kuna haja gani ya kukesha na kitabu kizima ili upate lako mwenyewe, tena lisilo na alama? Mtihani ukiisha, kitabu huuziwa anayefuata, na kwa wengi hiyo huwa riwaya ya mwisho. Bei nayo ni kikwazo. Tangu sheria ya VAT ya 2013, vitabu vimetozwa ushuru wa asilimia 16, na mzazi wa Kitengela mwenye kodi ya nyumba na nauli ya kwenda Nairobi kila siku hawezi kukimbilia kitabu kisichotakiwa shuleni. Hata hivyo bei peke yake haielezi kila kitu. Mzazi huyohuyo hupata pesa za bando la kutazamia filamu, na filamu ikiisha ana mengi ya kusema kuihusu bila kuogopa kukosea.

Tuchukue Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa kabla ya Nguu za Jadi, tuone maoni ya kawaida yanaweza kutufikisha wapi. Mwanzo wake una nguvu. Ridhaa, daktari, anapoteza jamaa na nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi, na Mkenya anayekumbuka miezi ile ya 2007 na 2008 hahitaji mwongozo kumweleza moto huo ulitoka wapi. Kisha riwaya inapanuka. Wanaingia Kaizari, Selume, Mwangeka na Apondi, Umu na wadogo zake; Sauna, mfanyakazi wa nyumbani, anawaiba watoto; Dick anasukumwa katika biashara ya dawa za kulevya; na kila mlango unaofunguliwa una balaa jipya ndani. Mwongozo utauita huu utajiri wa maudhui. Msomaji anayetaka kukaa na mtu mmoja mpaka amjue atauita msongamano, kwa sababu hajamaliza kumlilia huyu anavutwa akamlilie yule. Naona Ridhaa angetosha kuibeba riwaya nzima. Mwingine atanipinga kwamba ghasia zile hazikumpata mtu mmoja, hivyo riwaya yenye watu waliotawanyika ndiyo inayosema kweli, na hoja yake ina uzito wa kutosha kunitikisa. Lakini tazama tulipofika. Tulianza na "sikukipenda", sasa tunabishana juu ya umbo la riwaya, na kila mmoja wetu amelazimika kurudi kitabuni kutafuta ushahidi. Ndivyo ilivyo pia kwa sadfa. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, Amani na Imani wanaishia kuajiriwa katika nyumba za ndugu wawili, Mtemi Nasaba Bora na Mwalimu Majisifu, na Majisifu huyo ndiye aliyeiba mswada wa Amani akauchapisha kwa jina lake. Darasani sadfa huorodheshwa chini ya mbinu za uandishi, ikapigwa mstari, basi. Msomaji wa kawaida huuliza kama ameiamini. Kwangu inapita, kwa kuwa Walibora anacheka sana hata hatupati nafasi ya kumdai hesabu. Katika riwaya isiyo na kicheko ningegoma.

Kuna kitabu ambacho maoni ya msomaji wa Kajiado yana uzito wa pekee juu yake, ingawa kiliandikwa kwa Kiingereza. Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, mwandishi kutoka jamii ya Wamaasai, ilitoka 2008, ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta 2009, na baadaye ikatahiniwa katika KCSE. Taiyo na Resian, mabinti wa Ole Kaelo, wanahamishwa kutoka Nakuru hadi Nasila, nyumbani kwa baba yao, na huko wanakutana na ukeketaji na ndoa za kulazimishwa. Lalamiko ambalo ni rahisi kulitoa ni kwamba Minik ene Nkoitoi, yule mwanamke msomi aitwaye Emakererei, ni mwema kupita kiasi na anatokea kama jibu la dua. Hapo mtu wa Loitokitok anaweza kusimama akamtaja Nice Nailantei Leng'ete, mzaliwa wa kaunti hii, aliyetoroka ukeketaji akiwa mtoto, akarudi kuwashawishi wazee wa jamii yake, na mwaka 2018 jarida la Time likamweka miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi duniani. Wanawake hawa wapo, atasema. Nyinyi wa mjini ndio hamwajui. Nakubali wapo. Lakini mtu kuwapo duniani hakumfanyi aaminike kwenye ukurasa: mwandishi bado anadaiwa kutuonyesha uchovu wake, hofu yake, siku alizotaka kuacha. Ndiyo maana mhusika bora wa kitabu hicho, nionavyo mimi, ni Ole Kaelo mwenyewe, baba aliyebanwa kati ya ukoo wake na mfanyabiashara Oloisudori, anayewapenda wanawe na bado yuko tayari kuwatoa. Msomaji aliyelelewa Kajiado anaweza kuniambia nimemwonea huruma asiyestahili. Afadhali ubishi huo kuliko insha ishirini zinazofanana kuhusu "mila zilizopitwa na wakati".

Walimu wengine watasema ladha si elimu. Ukimwachia kila mtu aseme anachopenda, watu watakimbilia mapenzi na upelelezi, na vitabu vizito vitaota vumbi. Hofu hiyo ina msingi, ila historia ya riwaya zetu haiungi mkono dharau iliyo ndani yake. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960, ni riwaya ya upelelezi, na Bwana Msa wake bado anatajwa kila riwaya ya Kiswahili inapohadithiwa ilikotoka. My Life in Crime ya John Kiriamiti, ya 1984, ilipita mkono kwa mkono nchini Kenya bila msukumo wa mtihani wowote. Anayependa upelelezi ana vigezo vikali: anajua ni wapi mwandishi ameficha ushahidi kwa hila na wapi amemhadaa tu msomaji. Pingamizi zito zaidi ni kwamba maoni ya wengi huweza kugeuka marungu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuzungumzia mambo ya ngono waziwazi, na walioichukia walikuwa na maoni pia. Ni kweli, lakini marufuku ilikuwa maoni ya wachache yaliyowaziba wengine midomo, na msomaji aliyenyimwa kitabu hakupata hata nafasi ya kuwapinga. Aliyefika mwisho wa riwaya ile anajua jinsi Kezilahabi anavyouonyesha ukali wa baba ukizaa kile kile alichokuwa akikizuia, jambo ambalo mzazi mkali angelihitaji kuliko yeyote. Mtu aliyeisoma akachukizwa ana haki yake. Ninachomwomba ni ukurasa uliomchukiza na sababu.

Wanaosema hakuna wakati wa haya darasani wananitia shaka, kwa kuwa dakika kumi za "nani hakukipenda, na kwa nini" hazimnyimi mwanafunzi alama hata moja. Huenda zikamwongezea, maana mtu hukumbuka zaidi alichokitetea kuliko alichokinakili. Sasa mfumo wa 8-4-4 unapoelekea kumalizika na shule za upili kupokea mtaala mpya, nafasi ya kuliingiza swali hilo ipo. Watakaofaidi kwanza, nadhani, ni waandishi walio nje ya orodha za shule. Tangu 2015, tuzo iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell imekuwa ikitafuta miswada mipya ya Kiswahili. Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali ilishinda 2017, na Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon 2018. Majaji walikwisha kusema yao kuhusu riwaya hizo. Kwa upande wa wasomaji wa huku Kajiado, ni vigumu kusikia neno juu yake, la sifa wala la lawama, na mwenye duka la vitabu pale Kitengela hataagiza kitabu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiulizia.