Bibi Anayesahau Asiachwe Peke Yake

Usukumani, bibi anayeanza kupotea njia ya kisimani au kusema peke yake usiku hukabiliwa na hatari mbili: maradhi yenyewe, na majirani wanaonong'ona kuwa ni mchawi. Shinyanga na Geita zimezika wanawake wazee waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, wakati wekundu huo aghalabu umetokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walivyopikia maisha yao yote.

Maradhi hayo, demenshia, ni ugonjwa wa ubongo. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti ulikuta karibu wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao.

Tabia ya mtu ina mchango wake. Mwaka 2007 mtafiti Robert Wilson na wenzake wa Chicago waliripoti kwamba wazee wenye bidii na mpangilio walipata ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina ya demenshia, kwa nadra zaidi, na waliojiona wapweke walikuwa katika hatari takriban mara mbili. Kweli, wengine hujitenga kwa kuwa ugonjwa umeshaanza chini kwa chini. Hata hivyo, tabia ya mtu wa miaka 75 ni vigumu kuigeuza. Ukaribu wa wanaomzunguka unawezekana.

Huko Cache County, Utah, utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wagonjwa walioelewana sana na walezi wao walidhoofika polepole zaidi, hasa mlezi alipokuwa mume au mke. Sioni ajabu. Anayemjua bibi anajua kuwa akiulizwa "Unanikumbuka?" ataona haya na kunyamaza, ila akianzishiwa habari za ng'ombe wa baba yake ataongea mpaka ugali upoe. Maongezi hayo yanaupa ubongo kazi na kuutuliza moyo. Hofu ya kila siku huuchosha ubongo.

Nasi tunaupoteza ukaribu huo. Vijana wako machimboni, Nyarugusu, Kahama, Geita mjini. Hela wanazotuma kwa simu zinanunua unga na dawa za presha, na presha isiyotibiwa nayo huharibu ubongo, kwa hiyo zitumwe. Lakini uvumi ukishaanza, hata wajukuu hukatazwa kwenda kwa bibi, naye upweke unazidi kumharibu akili. Kisha kuharibika huko kunachukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi.

Wewe uliye machimboni, mpigie leo, umwongeleshe mwenyewe. Akianza kusahau, mpelekeni hospitali, si kwa mganga wa kupiga ramli, na wajukuu waendelee kulala kwake.