Uzi wa Nairobi hadi New York

Chukua tufe la dunia la darasani na uzi wa kushonea. Bana ncha moja Nairobi, nyingine New York, kisha vuta mpaka uzi ukaze. Hautapita Mauritania kama rula inavyoelekeza kwenye ramani ya ukutani. Utapanda kaskazini, ukate Sudan, Chad na jangwa la Algeria, na kuiaga Afrika kwenye pwani ya Morocco. Huo ndio umbali wa anga kati ya viwanja viwili vya ndege, kama kilomita 11,840. Anayeifuata rula ataongeza zaidi ya kilomita 300, kwa kuwa ramani bapa ni kama ganda la chungwa lililolazimishwa kulala mezani: lazima livutike mahali.

Kenya Airways ilipoanza kwenda New York moja kwa moja, tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Ndege ni ileile Boeing 787, na mwendo wake ni kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya mwenyewe: unapata saa 13 na dakika chache. Nyingine zimekwenda wapi?

Baadhi huishia ardhini, maana saa za ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho, si inapopaa. Nyingine huliwa na mizunguko. Baadaye, kwa mfano, vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga lake lilifungwa, na marubani wakalazimika kupinda mahali ambapo uzi wetu umenyooka.

Lakini ile saa moja kati ya kwenda na kurudi ni ya upepo. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana: jahazi lililoshuka na kaskazi kutoka Muscat lilisubiri kusi ndipo lirudi. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kilomita kama 10 kutoka usawa wa bahari, hakuna kusubiri msimu, kwani huko upepo mkuu huvuma kutoka magharibi mwaka mzima, na wakati wa baridi huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege ya kilomita 900 ikikabiliwa na upepo wa 150, chini yake zinapita kilomita 750 tu. Ikirudi nao mgongoni, zinapita 1,050.

Wapo wanaoshikilia kwamba ni dunia inayozunguka chini ya ndege. Sivyo, hewa nayo huzunguka pamoja na dunia. Ingekuwa kweli, helikopta ingepaa Nairobi, ikae juu saa moja bila kusogea, na ishuke katika misitu ya Kongo, kilomita 1,670 magharibi. Ukibisha, simama sebuleni uruke juu. Utatua palepale.