Unavyolipa ndivyo utakavyofanyiwa kazi

Ukikaa na wenye biashara wa Mombasa, iwe ni barazani Mji wa Kale au mbele ya maduka ya Kongowea, hukosi kusikia lalama hii: vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Ukiwageukia vijana, nao wana lao: kazi zipo, malipo ndiyo hayapo. Pande zote mbili huzungumzia kiasi cha pesa. Ni wachache wanaouliza swali la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito uleule: pesa hizo zinalipwa kwa njia gani?

Swali hili si dogo. Kila njia ya malipo humwonyesha mfanyakazi kitu cha kukikimbilia na kitu cha kukiacha. Vilevile huamua nani atabeba hasara siku mambo yakienda kombo. Tuziangalie njia zilizoenea hapa kwetu pwani, moja baada ya nyingine.

Mshahara wa mwezi

Mwalimu, muuguzi, karani na bawabu wengi hulipwa kwa mwezi. Uzuri wake ni utulivu. Mtu anajua tarehe, anajua kiasi, anaweza kupanga kodi ya nyumba, karo ya watoto na mkopo wa sacco. Hasara ya siku mbaya inabebwa na mwajiri: wateja wakikosekana Jumanne, mshahara haupungui.

Upungufu wake unajulikana. Anayejituma na anayezembea hupokea siku moja, mara nyingi kiasi kimoja. Ndiyo maana kazi za mshahara huhitaji kupandishwa cheo, nyongeza na msimamizi anayeona kazi. Hata hivyo, zipo kazi zisizofaa kulipwa kwa njia nyingine. Ukimlipa muuguzi kwa hesabu ya wagonjwa aliowahudumia, atawapitisha mbiombio kama mizigo.

Sheria nayo imeweka kiwango cha chini. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliongeza viwango kwa asilimia 6, na mfanyakazi wa kazi za kawaida katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, akawekewa mshahara wa msingi wa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Msomaji anayelipwa chini ya hapo kwa kazi ya mwezi mzima ajue kwamba huo si ukali wa maisha tu, ni uvunjaji wa sheria.

Malipo kwa kipimo

Hamali hulipwa kwa gunia, fundi cherehani kwa nguo, mkwezi kwa mnazi. Hapa jasho na pesa vinafuatana. Anayefanya zaidi anapata zaidi, na hakuna haja ya kusimamiwa kila dakika.

Nguvu ya njia hii imepimwa. Mchumi wa Marekani, Edward Lazear, aliifuatilia kampuni ya Safelite, inayoweka vioo vya magari, ilipoacha kuwalipa mafundi kwa saa na kuanza kuwalipa kwa idadi ya vioo. Katika utafiti alioutoa mwaka 2000 alionyesha kwamba kazi ya kila fundi iliongezeka kwa asilimia 44 hivi. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na mafundi walewale kujitahidi zaidi. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitokana na mafundi hodari kuvutiwa na kampuni hiyo na kubaki nayo.

Lakini kampuni ilikuwa na sharti: kioo kikiwekwa vibaya, fundi aliyekiweka hukirudia bila malipo. Sharti hilo ndilo tunalolisahau. Mlipe mkwezi kwa idadi ya nazi, atakuteremshia hata zisizokomaa. Mlipe fundi wa ujenzi kwa idadi ya matofali aliyojenga, ukuta utapanda upesi na saruji itakuwa haba. Kinachohesabiwa ndicho kinachofanywa. Kama ubora hauhesabiwi, usiutarajie.

Kupeleka hesabu

Sasa tuje kwenye tuktuk, bodaboda na matatu. Dereva wengi hapa hawana mshahara. Kila siku humpelekea tajiri kiasi walichokubaliana, petroli juu ya dereva, na kinachobaki ndicho chake. Tuseme, kwa mfano tu, hesabu ni shilingi 1,000. Dereva akiwasha chombo alfajiri, shilingi 1,000 za mwanzo baada ya petroli si zake. Huenda akafika saa nane mchana akiwa bado anamfanyia kazi mwenye chombo.

Mvua ikinyesha, foleni ya Likoni ikisimama, askari wakimzuia nusu siku, hesabu haipungui. Hasara yote iko juu ya asiye na akiba. Tunashangaa kwa nini anapita upande usio wake, kwa nini anapakia mtu wa ziada, kwa nini hapumziki. Njia ya malipo ndiyo inayomsukuma. Tena kwa kuwa chombo si chake, hana sababu kubwa ya kukitunza injini isife mwaka ujao. Anayetunza ni yule atakayefaidika kesho.

Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zilitaka madereva na makondakta wa matatu waandikwe kazi kwa mshahara wa mwezi. Nia ilikuwa hiyohiyo, kuondoa mbio za kutafuta hesabu. Kila anayepanda matatu anajua tulipofikia. Sisemi dereva mzembe asishikwe. Nasema ukimshika dereva na kuiacha hesabu ilivyo, kesho atakuja mwingine na mbio zilezile.

Mgao wa baharini

Wavuvi wetu, kuanzia Vanga hadi Lamu, wana njia ya zamani zaidi. Chombo kikirudi, samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama: mafuta, barafu, chambo, chakula. Kinachobaki hugawanywa mafungu. Kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, la nahodha na la kila baharia. Mafungu hutofautiana mahali na mahali, lakini msingi ni mmoja: bahari ikitoa, wote wanapata, bahari ikinyima, wote wanakosa.

Hapa hakuna haja ya msimamizi. Baharia akilala, wenzake watamwamsha, kwa sababu usingizi wake uko kwenye mafungu yao. Waislamu tunaijua roho hii kwenye mudharaba: mmoja analeta mtaji, mwingine analeta kazi, faida inagawanywa kwa kiwango walichokubaliana mwanzo, na mtaji ukipotea bila uzembe wa mfanyakazi, hasara ya mtaji ni ya mwenye mali.

Nayo ina kasoro zake. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, siku za kwenda huwa chache na mgao haupo. Mvuvi hukopa kwa mnunuzi, na anayekopa huwa amefungwa: samaki wake atamuuzia huyo huyo, kwa bei ya huyo huyo. Mgao wa haki ndani ya chombo unaweza kuharibiwa na deni lililoko nchi kavu.

Hoteli na kibarua

Kwenye hoteli za Diani, Nyali na Watamu, malipo huwa ya sehemu mbili: mshahara mdogo, na bakshishi ya mgeni. Bakshishi huchochea ukarimu, lakini humfikia anayeonekana. Mhudumu wa meza anaipata. Aliyesugua sufuria jikoni na aliyefua mashuka hawamjui hata mgeni. Mahali ambapo bakshishi huwekwa kwenye kisanduku kimoja na kugawanywa, manung'uniko hupungua. Mtu haangalii tu anachopata, huangalia pia mwenzake kapata nini, na kwa kazi gani.

Kisha kuna kibarua wa siku, kwenye viwanda, maghala na mjengo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, na baadhi ya haki za mfanyakazi humfuata. Waajiri wengine hukata siku makusudi ili mtu asifike huko. Wanaokoa pesa kidogo, lakini wanapoteza zaidi. Mtu asiyejua kama kesho ataitwa langoni hana sababu ya kujifunza mashine yako. Atajifunza jinsi ya kumpendeza msimamizi anayeita majina.

Pesa pekee haitoshi, lakini isipokuwepo huonekana

Mwaka 1914 Henry Ford aliwapandishia wafanyakazi wake wa Detroit malipo hadi dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya walichokuwa wakipata, na saa za kazi akazipunguza hadi 8. Hakufanya sadaka. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wakiacha kazi kwa wingi mno, na kila mpya alihitaji kufundishwa. Baada ya hapo waliotoroka wakapungua sana.

Naye mwanasaikolojia Frederick Herzberg, katika utafiti wa mwaka 1959 juu ya wahandisi na wahasibu, alieleza kwamba mshahara mbovu humkasirisha mtu, lakini mshahara mzuri peke yake haumpi mapenzi ya kazi. Mapenzi hutoka kwenye kufanikisha jambo, kutambuliwa na kupewa jukumu. Wapo waajiri wanaolishika neno hili la pili na kuliacha la kwanza. Wanatoa pongezi na cheti, mshahara unachelewa.

Na sisi Waislamu tujiangalie. Ustadhi anayewafundisha watoto wetu Qur'ani hulipwa nini, na lini? Wengi wao hungojea ada ya mwezi ambayo mzazi huilipa mwisho, baada ya kila mtu mwingine, na akikumbushwa husema malipo yako kwa Allah. Kweli thawabu ziko kwa Allah. Lakini mwenye nyumba hapokei thawabu za mpangaji wake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho halijamkauka, na hakumtoa ustadhi katika hilo. Madrasa inayobadilisha walimu kila baada ya miezi michache haina tatizo la ikhlasi. Ina tatizo la malipo.

Chanda chema huvikwa pete, walisema wazee. Basi mwenye kuajiri, kabla hujasema vijana ni wavivu, jiulize mambo manne. Ninachokihesabu ndicho ninachokitaka? Siku mbaya ikija, hasara inamwangukia nani? Walio nyuma ya pazia wanapata fungu lao? Nalipa siku niliyoahidi? Na wewe unayetafuta kazi, usiulize kiasi peke yake. Uliza utalipwa kwa njia gani, na siku chombo kisipotembea itakuwaje. Jibu la swali hilo ndilo litakalokwambia kama umepata kazi, au umepewa hasara ya mtu mwingine uibebe.