Julai ya Turbo na Taulo Isiyokauka

Mteja anayenunua taulo sokoni Turbo huanza kwa kuishika. Anaibonyeza, anaipitisha shavuni, na iliyo nene na laini zaidi ndiyo anayoiona kuwa bora. Kipimo hicho kinafaa nyumba yenye mashine ya kukaushia nguo. Kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha moja, kamba ya nguo ikiwa nje mvuani, kinampoteza mnunuzi. Kuanzia Machi hadi Septemba, mvua inapotawala kaunti yetu ya Uasin Gishu, taulo ipimwe kwa saa inazochukua kukauka, na hapo kitambaa chepesi, kipana, kiwe leso, kikoi au taulo ya vitanzi vifupi, kinaishinda ile nene ya hotelini. Sababu zake ni za fizikia, na zinahesabika.

Tuanze na hewa yenyewe. Maji hutoka kwenye kitambaa na kuingia hewani pale tu hewa inapokuwa na nafasi ya kuyapokea, na nafasi hiyo inategemea joto kuliko watu wengi wanavyodhani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 15 za Selsiasi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hivi za mvuke. Ikifika nyuzi 28 inabeba gramu 27. Sasa tuchukue siku ya baridi ya Julai huku juu, nyuzi 15, hewa ikiwa tayari imeshiba kwa asilimia 85: nafasi iliyobaki haifiki gramu mbili kwa kila mita ya ujazo. Mombasa ikiwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75, nafasi ni karibu gramu saba. Kwa hiyo Pwani, tunayoilaumu kwa jasho na unyevunyevu, hukausha nguo upesi kuliko Turbo ya Julai, na kwa tofauti kubwa. Mtu anaweza kupinga kwamba mwinuko wetu unasaidia, kwa kuwa mgandamizo wa hewa uko chini kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na usawa wa bahari, na mvuke husambaa kwa wepesi zaidi katika hewa nyepesi. Ni kweli, lakini faida hiyo ni ndogo mno kufidia hasara ya baridi. Januari ndiyo mwezi wa kudanganya: nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 40 huacha nafasi ya zaidi ya gramu 14, hata taulo nene ikakauka kabla ya jioni, na aliyeinunua mwezi huo akaamini amechagua vyema.

Mvua ikinyesha, taulo inaingizwa ndani, na ndani ndiko tatizo linakokomaa. Chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye urefu wa futi nane, kina hewa ya mita za ujazo 22 na kidogo. Kwa nafasi ya gramu mbili kasoro kila mita, chumba kizima kikifungwa kitapokea gramu 43 tu kabla ya kushiba. Tuseme taulo imefuta gramu 150 za maji mwilini. Zaidi ya theluthi mbili ya maji hayo hayana pa kwenda, na waliolala humo nao wanaongeza mvuke usiku kucha kwa pumzi na ngozi zao. Ndiyo maana asubuhi kuna matone chini ya mabati na taulo bado ina ubaridi ule ule wa jana. Isitoshe, kugeuza gramu 150 za maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya kilojuli 370 hivi, inayotosha kuchemsha lita nzima ya maji ya chai na kubaki. Taulo huivuta nishati hiyo kutoka kwenye hewa inayoizunguka, nayo hewa ikipoa hupoteza hata ile nafasi ndogo iliyokuwa nayo. Dirisha lililofunguliwa kidogo huleta vyote viwili, nafasi mpya na joto jipya. Wapo wanaolifunga kwa hofu kwamba hewa ya mvua italoanisha nguo. Lakini hewa ya nje, hata ikiwa nzito, kwa kawaida ina mvuke mchache kuliko ile ya chumba kilicholaliwa na kupikiwa.

Hapa ndipo msomaji makini atauliza swali gumu. Ikiwa mwili hutoa kiasi kile kile cha maji, unene wa taulo unabadilisha nini? Jibu liko kwenye mahali maji yanapokaa. Mkulima wa Turbo analijua hili kupitia mahindi: punje hukauka ganda upesi, kisha unyevu wa kiini ukachukua siku nyingi kutoka, ndiyo sababu Bodi ya Nafaka na Mazao hupima unyevu kwa mashine na kutaka usizidi asilimia 13.5, badala ya kuamini mkono. Taulo nene hufanya vivyo hivyo. Maji yaliyo juu ya vitanzi huondoka mapema, yale yaliyozama kwenye mizizi ya vitanzi hulazimika kupenya hewa tuli iliyonaswa humo, na mwendo wa kukauka unapungua kadiri saa zinavyopita. Upana nao una neno. Taulo ya kawaida ya sentimita 70 kwa 140 haifiki mita moja ya mraba; leso moja ina zaidi ya mita moja na nusu. Maji yale yale yakitandazwa kwenye eneo kubwa, kwenye kitambaa kisicho na kina, hewa huyafikia yote pamoja. Siku ya kufua tofauti huwa kubwa zaidi, kwa kuwa kitambaa kilicholowa chapachapa hubeba maji kulingana na uzito wake, na hakuna mikono inayokamua taulo nzito ikaisha maji.

Gharama ya kuchelewa ni zaidi ya usumbufu. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba uvundo wa nguo zilizokaa na unyevu hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria aitwaye Moraxella osloensis, anayestahimili hata ukavu, hivyo akarudi kazini kila kitambaa kinapolowa tena. Kuvu wa mashilingi nao hupita kwa taulo za kuazimana, na katika bweni ambako taulo hazikauki ni vigumu kumwambia mwanafunzi asiazime.

Wanaopinga leso husema haifyonzi, na leso mpya kweli haifyonzi, kwa sababu imetiwa wanga. Ifuliwe mara mbili tatu kabla ya kuhukumiwa. Kinyume chake, dawa ya kulainisha nguo, inayopendwa kwa harufu, huacha utando kwenye nyuzi na kuipunguzia pamba uwezo wa kunyonya. Mikrofaiba ina hoja nzito zaidi: nyuzi zake za poliesta hazinywi maji ndani kama pamba, ila huyashika katikati yao, kwa hiyo zikikamuliwa hubaki na machache. Kwa msafiri ninaikubali. Kwa nyumba ya kila siku ninasita, maana haivumilii maji yanayochemka kama pamba inavyovumilia, na humwaga vipande vidogo vya plastiki kila ifuliwapo. Wanaoishi ndani ya boti huko Pwani wana shida nyingine juu ya zote hizi: chumvi iliyokauka kitambaani huanza kuvuta maji hewani unyevu ukipita asilimia 75, hivyo kikoi kilichosuuzwa kwa maji ya bahari hurudi kuwa na unyevu hata baada ya kukauka. Sisi wa bara tumeepushiwa hilo. Hatujaepushiwa jiko la makaa. Kukausha nguo kwa jiko ndani ya chumba kilichofungwa kunatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na hakuna taulo inayostahili hatari hiyo.

Mnunuzi akipata lebo, atafute GSM, yaani gramu kwa kila mita ya mraba. Taulo za hotelini hufika 600 na kuendelea. Kwa Turbo ningechagua 350 kushuka, au pamba iliyofumwa kwa vishimo vya mraba. Pasipo lebo, ainue kitambaa kwenye mwanga: kikipitisha mwanga, hewa nayo itapita. Kwa bei ya moja nene mara nyingi hupatikana mbili nyepesi, na hizo zipokezane, kila moja ikianikwa imekunjuliwa yote, pembe mbili kwa vibanio, karibu na dirisha lililo wazi, ikipata siku mbili za kukauka kabla ya kuguswa tena.