Meli kuukuu, vitanda vipya: hesabu ya ukarabati wa ndani

Mfanyabiashara wa Bukoba anayekwenda kufunga mzigo Mwanza kwa meli hununua vitu viwili kwa tiketi moja: safari na kitanda. Kwa kawaida huondoka usiku, hufika asubuhi na kuingia sokoni bila kulipia chumba cha gesti. Godoro likiwa limekwisha na choo kinavuja, nusu ya bidhaa anayouza mwenye meli imeharibika, hata kama injini ni nzima.

Kwa jicho hilo wiki hii tunaiangalia MV Victoria. Ilijengwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa huko na kuanza kazi mwaka 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ikabaki Tanzania. Mwaka 2014 ilisimama ikiwa hoi. Septemba 2018 ulitiwa saini mkataba wa ukarabati na kampuni ya KTMI ya Korea Kusini, na Agosti 2020 ikarudi kwenye njia ya Mwanza, Kemondo na Bukoba ikiwa na uwezo wa kuchukua abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Kazi hiyo iligharimu zaidi ya Sh. bilioni 22.

Wako wanaouliza kwa nini chombo cha zaidi ya miaka 60 kisiuzwe chuma chakavu. Jibu liko katika maji. Ziwa Victoria ni la maji baridi, na maji baridi hayali chuma haraka kama maji ya chumvi ya Dar es Salaam au Tanga. Ndiyo maana MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilihesabiwa kuwa na thamani ya kukarabatiwa karne moja baadaye. Bodi ikiwa nzima, mwekezaji anakuwa na mtaji ambao hana haja ya kuununua upya.

Lakini bodi nzima lazima ithibitishwe, na hapo ndipo fedha nyingi huyeyuka kabla abiria hajaona hata msumari mmoja mpya. Ndani ya meli kuta za vyumba hufunikwa kwa mbao au plaiwudi. Unyevu wa pumzi za watu na joto hujikusanya nyuma ya mbao hizo, na chuma huota kutu kimyakimya. Fundi makini hubandua kila kitu, hugonga mabati kwa nyundo, hukata palipooza na kuchomelea bati jipya, kisha hupiga rangi ya kuzuia kutu. Mabomba ya maji na nyaya za umeme hufuata. Vitanda, viti na taa ni kazi ya mwisho, na kwa kawaida si kazi ghali kuliko zote. Anayeanza na vitanda atavibandua tena.

Jambo la pili ni uzito. Kila kitanda cha chuma au kiyoyozi kinachowekwa ghorofa ya juu huinua kitovu cha uzito, na meli hulala zaidi inapopigwa na wimbi. Kwa sababu hiyo, baada ya ukarabati mkubwa hufanyika jaribio: mizigo yenye uzito unaojulikana husogezwa upande mmoja wa sitaha, na timazi huonyesha chombo kimelala kiasi gani. Watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa umuhimu wa jaribio hilo. MV Bukoba, iliyosajiliwa kwa abiria 430, iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo na kuzama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza kupita kiwango. Mamia walikufa.

Gharama ambayo wengi huisahau ni muda. MV Victoria ilikaa nje ya soko miaka 6. Katika kipindi hicho wenye ndizi na kahawa wa Muleba na Kemondo walizoea malori, na mteja aliyezoea njia nyingine harudi kwa sababu tu umepaka rangi. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa, basi la Mwanza halisubiri tena kivuko. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kilichobaki kwa meli kuuza ni kitanda, usingizi na nafasi ya mzigo mzito, yaani mambo yale yale yanayoamuliwa na ukarabati wa ndani.

Mwenye Coaster kuukuu ya Bukoba–Muleba anapiga hesabu ile ile, kwa tarakimu ndogo. Mvua za Bukoba huozesha sakafu chini ya kapeti, kwa hiyo fundi bodi aitwe kabla ya fundi wa viti. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba sakafu, nyaya, sponji na rexini vitagharimu Sh. 6,000,000, na gari lililotengenezwa litaongeza faida ya Sh. 20,000 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi kwa mwezi hiyo ni Sh. 500,000, na fedha zinarudi kwa miezi 12. Sasa ongeza siku 30 za kazi ambazo gari litalala gereji, zikiwa zingeingiza Sh. 60,000 kila moja. Gharama halisi inakuwa Sh. 7,800,000, na miezi inakaribia 16. Fundi akichelewa mwezi mwingine wa kazi ni Sh. 1,500,000 zaidi, yaani miezi 3 mingine.

Wengine hujaribu kufidia kwa kuongeza viti vya kukunja njiani. Leseni ya LATRA hutaja idadi ya viti. Faini na siku za gari kuzuiliwa nazo ziingizwe kwenye hesabu hiyo.