Somo la Redio: Hati Anayopewa Mgeni

Twaeni penseli na karatasi, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Mwajua lori la kahawa litokapo Muleba kwenda bandari ya Kemondo huchukua hati ya mzigo. Hati yasema: magunia 80. Karani akiwa na shaka, hufunua turubai akahesabu. Leo nataka kuwaeleza juu ya msomaji ambaye hana turubai la kufunua.

Kompyuta moja kubwa yaweza kugawanywa ionekane kama kompyuta nyingi ndogo. Kila moja huitwa kompyuta pepe. Haina chuma chake yenyewe. Chuma ni cha mwenyeji. Ndani yake huingia mfumo endeshi, yaani programu kuu inayotawala kazi zote, nao twauita mgeni. Mgeni huamka asijue lolote. Ana prosesa ngapi? Saa iko wapi? Umeme huzimwaje?

Zamani mifumo ilipapasa gizani, na kupapasa mahali pasipofaa kuliweza kuigandisha kompyuta nzima. Kwa hiyo Desemba 1996 makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba yalitoa kanuni iitwayo ACPI: programu fupi ya kuamshia kompyuta sharti iache majedwali katika kumbukumbu. Mgeni hutafuta kwanza alama ya herufi «RSD PTR». Hiyo humwelekeza kwenye orodha, na orodha humwelekeza kwenye majedwali. Kila jedwali lina jina la herufi nne. Liitwalo APIC ndilo linaloorodhesha prosesa.

Pengine mtu wa Kamachumu atauliza: Nani aandike hati hiyo, ikiwa chuma chenyewe ni cha kubuni? Swali zuri. Katika QEMU, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, kwanza aliyeandika alikuwa ile programu ya kuamshia. Lakini yeye hakuvipanga vyombo. QEMU ndiyo iliyovipanga. Kila kilipoongezwa kitu, pande mbili zilibidi kubadilishwa pamoja. Tangu mwaka 2013 QEMU huandika majedwali yenyewe, na programu ya kuamshia huyapokea tu na kuyaweka mahali pake. Kwa maoni yangu ndivyo ilivyostahili toka mwanzo: aliyepakia lori ndiye aandike hati.

Hati ikikosea je? Tuseme chama cha ushirika chahesabu malipo ya wakulima kwa kompyuta pepe yenye prosesa nne, na jedwali lataja mbili. Mgeni atatumia mbili tu. Malipo yatachelewa, wala hakuna kengele itakayolia, kwa kuwa mgeni hajui kuwa amepunjwa. Jedwali likitaja chombo kisichokuwapo, mgeni aweza kukisubiri bure.

Ipo njia ya kutambua hati iliyoharibika. Kila herufi ina namba yake: A ni 65, P ni 80, I ni 73, C ni 67. Jumlisheni. Mmepata 285? Vema. Sasa, hesabu hii ikifika 256 hurudi sifuri, kama saa ipitapo kumi na mbili ikaanza tena moja. Basi 285 hubaki 29. Mwandishi huongeza namba moja ili jumla irudi sifuri kabisa. Hapa ni 227. Jedwali halisi lina namba nyingi zaidi, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Mgeni hujumlisha zote. Asipopata sifuri, ajua hati si salama. Angalieni: hesabu hii hukamata hati iliyoharibika, haikamati hati iliyoandikwa uongo vizuri.

Kazi ya nyumbani: jedwali la saa huitwa HPET. H ni 72, P ni 80, E ni 69, T ni 84. Tafuteni namba ya kuongeza. Jibu tutalisoma juma lijalo saa kama hii.